Upana wa Meza ya Petronela

Jumapili ya mwisho ya kuvuna viazi, Petronela Gaj alikuwa uani akikata kabichi za kutia chumvi kwenye pipa, Mpima Ardhi alipopita. Ilikuwa mchana. Watu wa kijiji cha Modrzyna ndio kwanza wametoka kanisani, jua linawaka, lakini kandili ya Mpima ilikuwa imewashwa kama kawaida yake. Alivaa koti refu la zama za mababu na kofia ya pembe tatu. Alikuwa amekufa miaka mingi kabla Petronela hajazaliwa.

Alitundika ncha ya mnyororo kwenye nguzo ya Prusia, ile yenye milia myeusi na myeupe, akauburuta katikati ya ua hadi nguzo ya Urusi yenye tai wa vichwa viwili. Kuku wakajisogeza kando kumpisha. Petronela naye akavuta beseni lake la kabichi, maana marehemu huyu hakuwa mtu wa kutazama anapokanyaga.

Mpima akainama, akazigusa pete za mnyororo kwa kidole. Pete moja ilibaki imelala kwenye majani, haina kazi. Jumapili iliyotangulia mnyororo huohuo ulinyooka wote. Alikaa akiitazama ile pete kama mtu anayetazama jino lake lililong'oka, kisha akaukunja mnyororo begani na kuondoka kuelekea mtoni.

Kesho yake asubuhi banda la nguruwe lilikuwa Prusia.

Nguzo hazikuwa zimehama. Hazingeweza kuhama, maafisa wa pande zote mbili walikuwa wamezimwagia zege shinani zamani. Ardhi ndiyo iliyopita chini yake usiku, na banda likapita pamoja na ardhi. Sajini Kunast, mkuu wa walinzi wa Prusia, alimweleza Petronela kwa upole kwamba nguruwe sasa ni mnyama wa Kaizari na hawezi kurudi nyumbani bila kibali cha daktari wa mifugo. Petronela akamwambia basi Kaizari ndiye amlishe. Kunast akamlisha.

Kisa chenyewe watu wote wa Modrzyna walikijua. Enzi za mababu, falme tatu ziliikalia nchi ya Polandi kama watu wanaokalia bata wa kuchoma, kila mmoja akang'oa upande wake. Wa kusini hatuhusiki naye. Hapa kwetu, kando ya mto Prosna, zilikutana mbili, Prusia na Urusi, na zikamtuma mtu mmoja avute mstari. Mtu huyo alipokea bata bukini kutoka kila upande ili ausukume mstari kidogo huku, kidogo kule. Aliusukuma pande zote mbili kwa kuwa alikuwa mwaminifu kwa bata. Mwisho wa kazi ilionekana kwamba mstari umekuwa miwili, na katikati pamebaki kipande kisicho cha mtu: malisho, shamba la kabichi, kisima, mti mmoja wa matunda, mpeasi, na nyumba ya akina Gaj. Kanisa likawa Prusia na makaburi yakawa Urusi. Tangu hapo maiti wa Modrzyna huvuka na kibali.

Kwetu mpima ardhi akipima kwa hila hapumziki. Akishakufa hutembea mpakani na kandili, anapima upya alichokiharibu. Si mbaya. Mlevi akipotea bwawani humwangazia njia hadi mlangoni kwake. Na dawa yake inajulikana: mtu mmoja aliyesaidiwa naye akimwambia kwa moyo mmoja "Mungu akulipe", basi amelipwa, anakwenda zake.

Lakini Modrzyna hakuna aliyewahi kumwambia. Kwingine kote watu wetu wanasema "Mungu akulipe" kwa kupewa maji, kwa kufunguliwa lango, hata kwa kutukanwa kwa lugha nzuri. Kwa Mpima walifunga midomo. Wazee waliweka jambo hili tangu mwanzo na walilirithisha kwa makofi: maadamu anapima, kipimo hakijakwisha, na mpaka ambao haujakwisha kupimwa ni ugomvi tu, unaweza kuamuliwa vingine kesho. Siku akipumzika, mstari utakauka kama plasta ukutani. Kwa hiyo walevi wetu waliangaziwa njia mpaka mlangoni, wakaingia ndani na kufunga mlango bila neno. Wengine walilia kwa aibu wakiwa ndani.

Shida ni kwamba kila alipopima, ardhi ilipungua. Mababu hawakuliona hilo, kwa sababu wakati huo ilipungua kama sabuni inavyopungua. Enzi za Petronela ilianza kupungua kama mshumaa. Watu wakiamka asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, walitoka kutazama nguzo ya upande wa pili imesogea kiasi gani.

Waliopata hofu kwanza walikuwa walinzi wenyewe.

Jioni za baridi Sajini Kunast na Sajini Yefim wa Urusi walikuja kukaa jikoni kwa Petronela, kwa kuwa jiko lile halikuwa la ufalme wowote na hapakuwa na amri ya kuwakataza. Kunast alikuwa mnene, mgonjwa wa meno, na alitembea na kijiko chake mwenyewe ndani ya buti. Yefim alikuwa mwembamba, pua imepinda. Petronela aliwapa supu chachu ya unga wa rai, nafaka ya kwetu, yenye yai ndani, nao walikunywa wakitazamana juu ya bakuli.

Kunast alipenda kusimulia juu ya babu yake, ambaye pia alikuwa mlinzi, kwenye mpaka wa zamani, huko nyuma kabisa. Alisema babu yake aliangalia nchi ya watu waliogombana wenyewe kwa wenyewe, wakalewa, wakaenda kanisani kuimba, na hakuna mtu kati yao aliyekumbuka kumvamia mtu. Babu alilala usingizi wa mtoto mchanga na alikufa mnene.

"Mimi nalala na buti," Kunast alisema. "Huyu akipiga chafya kule kwake, vijana wangu wanashika bunduki."

"Na wewe unakoroma kama gari la risasi," Yefim alisema. "Mwezi uliopita tumejipanga mara mbili kwa ajili ya koromo lako."

"Si mngebaki mbali."

"Mbali wapi? Nchi iliyokuwa katikati yetu tumeila."

"Nani alianza? Nyie ndio mlikuja na uma."

"Na nyie mlikuja na mdomo."

"Kunyweni supu," Petronela alisema. "Mliyemla ndiye anayewapikia."

Wakarudi kwenye bakuli. Yefim akapangusa sharubu zake, akasema Mama asiwachukulie vibaya, wao walizaliwa meza imeshafutwa. Kisha akasema jambo ambalo Kunast alimtazama sana alipolisema. Alisema yeye hajui hesabu za wakubwa, lakini anavyoona, walichopata ni viwanda vichache vya nguo na watu ambao kila kizazi kipya hunyoosha mundu kuwa upanga na kuwafukuza. Wanawapeleka Siberia, wanarudi na ndevu. Unamweka askari mmoja kulinda nchi na askari watatu kumlinda askari huyo. Na baada ya gharama yote hiyo, sasa yuko uso kwa uso na huyu.

"Huyu nani?" Kunast aliuliza.

"Wewe."

Kunast alikaa akifikiri, ulimi ukitafuta jino bovu. "Zamani nilikuwa nakuona udogo wa kidole," alisema. "Sikujua hata kwamba pua yako imevunjika."

"Alinivunja mke wangu."

Wakacheka wote wawili, kisha wakakatiza kicheko mara moja na kusikiliza, kwa sababu nje, pande zote mbili, walisikia bunduki zinakokiwa. Kila mmoja ilibidi atoke kwa mlango wake kuwaambia watu wake kwamba ni kicheko tu.

Petronela alikuwa na watoto wawili wa kiume, na hicho ndicho kilichomkosesha usingizi yeye. Wakubwa wa falme hizi hawakutaka mtoto asiye wa mtu. Wa kwanza, Walenty, alibatizwa kanisani, na kwa kuwa kanisa lilikuwa Prusia akahesabiwa mtu wa Kaizari. Wa pili, Hipolit, alizaliwa mwaka wa mafuriko. Njia ya kanisani ilikuwa chini ya maji, padri akaja kwa mtumbwi hadi kwenye kikanisa cha makaburini, akambatiza huko. Akawa mtu wa Tsari, mfalme wa Urusi. Walikua wakilala kitanda kimoja. Walipofikisha umri, Walenty alichukuliwa na jeshi la huku na Hipolit na jeshi la kule, na mume wa Petronela, ambaye alikuwa bado hai, aliwasindikiza wote wawili hadi kwenye mpeasi, kwa sababu njia ziliachana hapo.

Petronela aliwalea kwa adabu, mwiko wa jikoni mkononi. Hakuna kilichopita mkononi kwa mtu mwingine kikaingia mkononi mwao bila shukrani. Hipolit alipokuwa mdogo aliwahi kumshukuru jogoo.

Majira ya kuchipua ya mwaka vita vilipokuja kuanza, nguzo ya Urusi iliingia ndani ya nyumba. Ukuta wa mashariki uliipisha bila kubomoka, kama unga uliokandwa unavyopisha kidole, ukajifunga nyuma yake. Nguzo ikasimama kando ya kabati la vyombo, zege na tai na kila kitu. Wiki iliyofuata nguzo ya Prusia ilipita ukuta wa magharibi na kusimama kando ya jiko la kuni. Petronela alianika vitambaa juu yake, maana palikuwa na joto pale. Mlango wa magharibi sasa ulifunguka Prusia na mlango wa mashariki ulifunguka Urusi. Nchi iliyobaki ilikuwa meza, mabenchi mawili na kiti cha marehemu mume wake.

Viazi vilipotoa maua, majeshi yalianza kukusanyika. Pande zote mbili zilihitaji watu wanaojua bwawa la Modrzyna, kwa hiyo wakawarudisha vijana wa Modrzyna kutoka walikokuwa. Petronela aliamka siku moja akamkuta Walenty amesimama zamu kando ya jiko na Hipolit kando ya kabati. Walikuwa wamepanuka mabega. Hawakujua watazame wapi.

"Kaeni mle," alisema.

"Mama, niko kazini," Walenty alisema.

"Kazi gani? Uko jikoni."

Walikula wamesimama. Chumvi ilikuwa upande wa Prusia. Walenty aliisukuma kwa ncha ya kisu juu ya meza hadi kwa mdogo wake, na Sajini Kunast, aliyesimama mlangoni, akageuza uso kutazama hali ya hewa.

Amri ilikuwa moja kwa pande zote mbili, na walinzi waliifahamu vizuri: mpaka ukigusa mpaka, piga. Kila mtu alijua Mpima atakuja Jumapili. Kila mtu aliweza kuiona meza kwa macho yake. Ardhi ikipita tena chini ya nguzo, hata kidogo, hakuna kitakachobaki katikati, na Walenty atakuwa kifuani kwa Hipolit.

Jumamosi Wiktoria Pyrka alikuja. Alikuwa jirani na somo, mama wa ubatizo wa Hipolit, mwanamke aliyesema kila kitu kana kwamba anamrushia mtu. Alisimama nje ya dirisha kwa sababu hakuwa na kibali cha mlango wowote. Alisema kijiji kizima kimemtuma. Wamesikia kwamba Petronela anapanga kumshukuru Mpima.

"Sijapanga kitu," Petronela alisema.

"Midomo yako inacheza. Naiona."

"Nasali."

"Somo, nisikilize. Babu yangu aliangaziwa na yule mtu katika theluji, mguu umevunjika, akafikishwa hadi mlangoni kama mtoto. Hakushukuru. Mpaka anakufa alikuwa akijificha uso akipita pale. Unadhani alipenda? Alituwekea nchi yetu."

"Iko wapi?"

"Nini iko wapi?"

"Hiyo nchi. Nionyeshe." Petronela alifuta meza kwa kitambaa, ncha hadi ncha. "Hii hapa. Nakula juu yake. Akipima kesho, wanangu wanauana. Akipumzika, wanabaki na meza kati yao."

"Na mstari unabaki. Milele."

"Ndiyo."

Wiktoria alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Kisha akasema yeye hana mtoto wa kiume, hawezi kumwamulia. Akaondoka, akarudi, akasema wakimuuliza atasema alimtukana. Petronela akamwambia aseme hivyo.

Usiku ule Petronela hakulala. Alikaa kwenye kiti cha mume wake, mwana mmoja amesimama huku, mwingine kule, na neno lile likiwa limemkaa mdomoni kama kokwa ya plamu. Kuna wakati aliona ni rahisi kulisema. Kuna wakati aliwaona wote waliowahi kufunga mlango bila kushukuru, wamepanga foleni hadi makaburini, wanamtazama.

Jumapili hapakupambazuka sawasawa. Mikokoteni na farasi wa majeshi mawili vilikuwa vimetimua vumbi lililofunika madirisha, na jikoni palikuwa na giza la pishi. Kengele ya kanisa haikupigwa. Petronela alichukua mkate wa rai akaukumbatia kifuani ili aukate, kama wanawake wetu wanavyokata, lakini hakuona anapopitisha kisu.

Mpima aliingia. Haikujulikana kwa mlango upi. Alimwona mwanamke anahangaika na mkate gizani, akasimama karibu naye na kuinua kandili. Petronela akakata vipande viwili vinene. Vyote viwili vikamponyoka na kuanguka mezani. Mpima akaviokota, akavibusu kwanza, kama anavyofanya yeyote kwetu akiokota mkate ulioanguka, akampa Walenty kimoja na Hipolit kimoja.

"Mungu akulipe," Walenty alisema.

"Mungu akulipe," Hipolit alisema, kwa pumzi ileile.

Walikuwa na njaa na hawakufikiri. Petronela alikuwa bado na lake mdomoni, hajalisema. Akalimeza.

Mpima Ardhi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Aliweka mnyororo juu ya meza taratibu usigonge. Alivuta kiti cha marehemu, akakaa, akavua kofia yake ya pembe tatu, na uso wake ukawa wa kibarua aliyeambiwa kwamba leo anaweza kwenda nyumbani mapema. Kandili ikazimika. Petronela alipofungua mlango wa jiko la kuni ili apate mwanga, kiti kilikuwa kitupu na bado kina joto.

Nje ilisikika sauti kama ya barafu inayojifunga juu ya Prosna, ingawa ilikuwa kiangazi. Ilianzia mtoni ikapita malishoni, ikapita chini ya meza, ikaenda kuishia mbali upande wa kusini. Vyura wakanyamaza. Wiktoria Pyrka, aliyekuwa shambani kwake, alipiga magoti kwenye viazi. Alijua ni nini. Mstari ulikuwa umekauka.

Meza haikupungua tena hata unywele. Nguzo hazikugusana.

Lakini wakubwa wa mbali hawakujua habari za meza, na walikuwa wamekwisha kuchoka kusikilizana wakipumua. Amri ilifika saa sita mchana, pande zote mbili, bila kusubiri mpaka ugusane. Makapteni hawakuingia ndani. Sajini Kunast alisimama kwenye mlango wa magharibi nyuma ya Walenty, na Sajini Yefim kwenye mlango wa mashariki nyuma ya Hipolit.

"Yefim," Kunast alisema.

"Kunast."

"Umekula?"

"Bado."

"Na mimi."

Walitazama sufuria ya supu. Kisha kila mmoja akatoa amri kwa lugha yake.

Walenty na Hipolit waliinua bunduki. Bunduki za wakati ule zilikuwa ndefu na meza ilikuwa nyembamba. Hapakuwa na nafasi ya kumlenga mtu. Mtutu wa kila mmoja ulipita kando ya shavu la mwenzake, ukatokea nyuma ya sikio lake la kushoto, ukaelekea mlangoni. Ndugu wawili walisimama hivyo, wamekaribiana kiasi cha kunusa mkate katika pumzi za kila mmoja, na kila mmoja aliona machoni pa mwenzake kwamba anaogopa kama zamani walipokuwa wakiogopa radi. Amri ilirudiwa. Wakafyatua.

Risasi ya Walenty ilimpata Yefim na ya Hipolit ilimpata Kunast. Yefim aliangukia pipa la kabichi. Kunast alikaa chini kizingitini, polepole kwa sababu ya unene, akapeleka mkono kwenye buti kutafuta kijiko chake. Petronela alikuwa ameishika sufuria kwa mikono miwili isimwagike. Haikumwagika.

Baada ya hapo majeshi yalipita ndani ya nyumba, mengine yakiingia kwa mlango wa magharibi na kutokea mashariki, mengine kinyume chake, mwaka baada ya mwaka, na yeye alifagia. Waliwachukua wanawe pia, kila mmoja na wake. Vita vile vilimla Tsari na vikamla Kaizari, na yule wa kusini ambaye hatuhusiki naye. Wenye magazeti walisema hakuna aliyeweza kuviona vikija.

Walenty na Hipolit walirudi, wote wawili wamekuwa viziwi sikio la kushoto. Nchi ilikuwa imerudishiwa jina lake. Kulikuwa na bendera kwenye shule na askari wenye kofia mpya. Nguzo mbili za jikoni zilikatwakatwa zikawa kuni, ya Prusia ikawaka vizuri zaidi. Walenty alikaa benchi la magharibi na Hipolit benchi la mashariki, kama walivyozoea, na Petronela akawapakulia.

Walenty alipotaka kuzunguka meza amkumbatie mdogo wake, mguu ulikataa. Hakugonga kitu. Mguu ulifika usawa wa katikati ya meza ukawa kama unatafuta ngazi ambayo haipo. Hipolit alijaribu kutoka upande wake, ikawa vilevile. Sahani waliyoisukuma ilisimama katikati. Hata chumvi ilisimama. Ni Petronela peke yake aliyeweza kuwa pande zote mbili, kwa sababu yeye hakuhesabiwa mtu wa mahali popote tangu mwanzo.

Walipeleka habari serikalini. Alikuja bwana mmoja kutoka wilayani, akatandaza ramani, akaeleza kwa furaha kwamba hapa hapana mpaka wowote, upo mbali sana sasa, pande zote. Akatembea kuwaonyesha, akakwama mguu mmoja hewani. Alisimama hivyo kidogo. Akasema ni jambo la muda, likizoeleka litaondoka. Akatoka kwa mlango alioingilia.

Walizoea. Walenty alioa kazi ya shamba la magharibi, Hipolit akaoa binti wa upande wa makaburini. Mama yao alipougua homa ya mapafu, walikilaza kitanda chake kukingama mstari, mmoja akamshika mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, na alipopata nafuu alisema hajawahi kuuguzwa vizuri hivyo. Wiktoria Pyrka aliendelea kumsalimia, lakini kwa mbali, na kamwe hakumwambia kwamba amemsamehe. Petronela hakuuliza.

Mnyororo aliutundika kwenye mpeasi. Hakuna aliyeuiba. Haukushika kutu.

Jumapili moja ya kuvuna viazi, Petronela akiwa amezeeka na anakata kabichi amekaa, mabwana wawili waliingia uani, mmoja kutoka magharibi, Prusia ya zamani, na mmoja kutoka mashariki, Urusi ya zamani. Walivaa buti nzuri mpya. Walikutana chini ya mpeasi kama watu walioahidiana, wakapeana mikono kwa heshima sana, wakaulizana hali za nyumbani. Kisha mmoja akaushika mnyororo, akauvuta kidogo kuona kama ni imara. Yule mwingine akamuuliza Petronela ni wa nani.

Petronela alisema ni wa mtu aliyekwisha kwenda zake.

Wakauliza kama kijijini yuko mwingine anayejua kupima.

Alisema hayuko. Aliendelea kukata kabichi, lakini kisu kilikuwa hakikati tena, kilikuwa kinagonga ubao tu. Wakaomba maji. Aliwapa maji ya kisimani katika kikombe kimoja, wakanywa kwa zamu, wakamrudishia kikombe. Hawakushukuru. Wakaushusha mnyororo kutoka kwenye mti, mmoja akashika ncha hii, mwingine ile, wakaanza kutembea kurudi walikotoka, kila mmoja kwake, mnyororo ukinyooka kati yao.

Kuku wakajisogeza kando kuwapisha.